Kutoka ridhaa kwenda kulipwa: mambo ya kujua kabla hujasaini

Bondia chipukizi wengi wanadhani ngumi za kulipwa ni zilezile za ridhaa, ila hizi zina hela. Ulingo unafanana, kupiga chini ya mkanda ni kosa kote kote, basi, ufanano unaishia hapo. Muda, glavu, mizani na mtu anayekuchagulia mpinzani vyote vinabadilika siku unayovuka, na mwili hauwezi kubadilika siku hiyohiyo.

Kwanza, usikimbilie kuvuka. Ukiwa chini ya mapambano 30 ya ridhaa bado hujakutana na mitindo ya kutosha: mashoto, mrefu anayekimbia, mfupi anayeingia kichwa kichwa. Ridhaa ndiko mahali pa kupoteza bila gharama kubwa, kwa sababu hakuna promota (mwandaaji wa mapambano) atakayekunyima kazi mwakani kwa kupigwa kwenye mashindano ya mkoa. Ayub Kalule wa Uganda alikuwa bingwa wa dunia wa ridhaa Havana mwaka 1974, akaanza kulipwa 1976, akatwaa mkanda wa WBA, moja ya mashirika makubwa ya ubingwa wa ngumi duniani, mwaka 1979. John Mugabi alipata medali ya fedha Moscow 1980, mkanda wa WBC, shirika jingine kubwa, ukaja 1989. Hao walikuwa na vipaji vya ajabu, na bado njia ilichukua miaka.

Pili, hesabu ya muda. Ridhaa ni raundi 3 za dakika 3, yaani dakika 9 za kazi, na ukisinzia raundi ya kwanza umeshachelewa. Kulipwa unaanza na raundi 4, kisha 6, 8, 10, hadi 12 za ubingwa (wanawake kwa kawaida dakika 2 kila raundi). Kijana akiingia pambano la raundi 6 na mwendo wa ridhaa, raundi ya nne mikono imeshuka kifuani, na hapo ndipo yule mzoefu aliyekuwa amejikunyata kwenye kamba anaanza kazi yake. Kuongeza kilomita za asubuhi hakutoshi. Fanya sparingi (mazoezi ya kupigana na mwenzako) ndefu kwa glavu za aunsi 16, ukibadilishiwa mwenzako mwenye nguvu mpya kila baada ya raundi mbili, na ifunge siku 7 hadi 10 kabla ya pambano. Humo humo jifunze kupumzika ukiwa kazini: kukumbatia na kumwachia mwenzako abebe uzito wako, kuzungusha hatua nje ya masafa, kumgusa kwa mkono wa mbele bila kutumia nguvu.

Glavu nazo ni ndogo. Wanaume wa ridhaa huvaa aunsi 10 uzito wa chini na 12 uzito wa juu, kulipwa ni aunsi 8 hadi ratili 147 (kama kilo 66.7), kisha 10. Ukuta wa mikono miwili usoni uliokulinda ridhaa unaanza kuvuja, ngumi inapenya katikati. Na mwili unaumia zaidi. Ini liko kulia chini ya mbavu, ndiyo maana ngumi ya kuzungusha ya mkono wa kushoto inaogopwa. Ikiingia sawasawa husikii kitu kwa nukta moja, halafu miguu inakataa amri na pumzi haiji. Kiwiko cha kulia kikae ubavuni hata unapopiga kushoto. Wengi wanakiinua kila warushapo mkono wa mbele, na kosa hilo halikuadhibiwa ridhaa kwa sababu kule kila mtu alikuwa anatafuta kichwa.

Mizani ndiyo mtego mkubwa. Ridhaa unapimwa asubuhi ya siku ya pambano, kwa hiyo hukauki sana. Kulipwa unapimwa siku moja kabla, na hapo kijana wa kilo 68 anaambiwa atapigana 61.2 maana "atarudisha usiku." Anavaa nailoni, anakimbia juani, anatema mate kwenye chupa, anaacha maji. Mizani inakubali, watu wanapiga makofi. Kesho yake raundi ya tatu hana miguu, na ubongo uliokosa maji haustahimili vishindo. Ikibaki wiki moja na uko zaidi ya asilimia 5 juu ya uzito, umechagua uzito usio wako. Panda daraja moja.

Ukishapimwa, usianze na sahani ya pilau. Anza na maji ya chumvi na sukari, yale ya pakiti za ORS, kwa mafunda madogo madogo, lita 1 hadi 1.5 kwa kila kilo uliyopoteza kwa kutoa jasho, ukizisambaza kwa saa kadhaa. Baada ya saa moja uji, kisha wali au ndizi na nyama kidogo isiyo na mafuta. Pilipili na maharage waachie mashabiki.

Kona yako iwe na watu wanaojua kazi, si marafiki wa mtaani waliovaa fulana zinazofanana. Mapumziko ni sekunde 60, ila za kufanyia kazi ni kama 40. Kiti kiingie kabla hujafika. Anayeshughulikia jeraha anaanza, si anayeongea: anafuta damu, anabana mkato kwa kidole na pamba yenye adrenalini 1:1000 bila kuachia, kisha anapaka mafuta mazito ya mgando. Uvimbe chini ya jicho unakandamizwa kwa chuma cha baridi, usisuguliwe, kwa maana kusugua kunaongeza damu chini ya ngozi. Maji ni mafunda mawili. Kocha anasema mambo mawili tu, "kiwiko chini, zunguka kushoto kwake," na watu wanne wakipiga kelele kwa pamoja hutasikia hata moja.

Kuhusu wapinzani, rekodi ya 10-0 (ushindi kumi, bila kupoteza) dhidi ya watu waliookotwa stendi haimdanganyi mtafuta mabondia aliyeko London, anafungua mtandao na kusoma rekodi ya kila uliyempiga. Kinyume chake ni simu ya Jumatatu: pambano ng'ambo Jumamosi, daraja mbili juu yako, hela nono. Hapo umenunuliwa upigwe. Vijana hujibu kwamba Hassan Mwakinyo wa Tanzania alikwenda Birmingham mwaka 2018 akiwa hajulikani, akamshinda Mwingereza Sam Eggington kwa refa kusimamisha pambano raundi ya 2. Kweli. Lakini hatuwaoni kwenye habari wale waliorudi na mataya yaliyovunjika.

Mkataba usomwe na mtu asiyelipwa na promota. Meneja anakutetea upate hela zaidi; promota anataka akulipe pungufu. Mtu mmoja akishika kofia zote mbili, nani anakutetea? Kwa makadirio, Uingereza meneja haruhusiwi kuzidi asilimia 25, Nevada ukomo ni theluthi moja, na kocha huchukua kama 10. Uliza kabla ya kusaini nani analipa vipimo, nauli, kona na ada ya mkanda (inayolipwa shirika ukipigania ubingwa wake), ambayo kwa WBC ni asilimia 3 ya malipo yako. Mikataba inayojirefusha yenyewe ukishinda ubingwa isainiwe kwa tahadhari. Na mikanda yenyewe: WBC, WBA, IBF na WBO ndiyo inayofungua milango, mingine mingi ni mapambo ya sebuleni. Kwa Tanzania leseni ya kulipwa inatoka TPBRC, kamisheni ya ngumi za kulipwa, si BFT, shirikisho linalosimamia ridhaa.

Vipimo usivikwepe: damu kwa VVU na homa ya ini B na C, macho hadi retina, picha ya ubongo. Ukipigwa KO (ukaangushwa usiweze kuendelea), kaa nje muda wote uliopewa na daktari, sparingi ikiwemo. Robert Wangila wa Kenya, bingwa wa Olimpiki Seoul 1988, alisimamishwa na refa raundi ya 9 huko Las Vegas mwaka 1994, akaupinga uamuzi ule. Akazimia chumba cha kubadilishia nguo na kufariki akiwa na miaka 26. Kwa hiyo usiku wa pambano bondia asilale peke yake. Amshwe kila baada ya saa mbili, aulizwe jina lake na mahali alipo. Kichwa kikizidi kuuma, akitapika, akiongea kilevi, au mboni moja ikiwa kubwa kuliko nyingine, apelekwe hospitali yenye CT (mashine ya kupiga picha ya ubongo) saa ileile. Asipewe aspirini wala diklofenaki kumtuliza, maana zinaweza kuongeza uvujaji wa damu.