Waifai Inakatika Ukihama Jengo: Usikimbilie Kuongeza Nguvu

Mgeni alikuwa ameteremka mlimani asubuhi ile ile. Alikuwa amefika kilele cha Uhuru cha Kilimanjaro, mita 5,895, siku kadhaa hajasikia sauti ya mtu wa nyumbani kwake, na sasa alikuwa amesimama mapokezi akiongea na mtoto wake kwa video. Akataka amwonyeshe mlima aliopanda. Akatoka na simu mkononi, akashuka ngazi za kwenda bustanini, ambako Kibo huonekana vizuri kabla mawingu hayajaifunika. Alipofika chini ya mparachichi picha ikaganda, mtoto kabaki mdomo wazi kwenye kioo. Mgeni akarudi nyuma, simu ikashika. Akaenda mbele, ikakata. Alijaribu mara nne, kisha akaketi kwenye ngazi, habari ya mlima akaiacha.

Nilikuwa pembeni na begi la vifaa begani, kwa sababu mwenye nyumba hii ya wageni alikuwa ameniita kwa shida hiyo hiyo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umejionea mwenyewe. Nina ruta tatu, taa zinawaka zote, kifurushi nalipia kila mwezi. Sasa hiyo intaneti inakatikia wapi?"

Nyumba yenyewe iko Shanty Town, hapa Moshi: mapokezi, jengo la zamani la vyumba lenye kuta nene za mawe, na banda la chakula bustanini katikati ya migomba. Kila jengo na ruta yake. Nilichomweleza Mama siku ile ndicho nataka kukieleza hapa, maana nyumba za wageni, shule na ofisi nyingi ninazoitwa, Moshi na hata Arusha, zina ugonjwa huo huo. Intaneti haikatiki popote. Kinachoshindikana ni simu kuhama kutoka ruta moja kwenda nyingine huku mwenye simu anatembea.

Wengi wanaamini ruta ndizo zinazopokezana simu, kama minara ya mitandao ya simu inavyofanya ukiwa kwenye basi la Arusha. Kwenye minara ndiyo, mtandao wenyewe unaiambia simu ihamie wapi. Waifai ni kinyume: anayeamua ni simu. Yenyewe ndiyo inayosikiliza, inayopima na inayochagua lini iondoke. Ruta inaweza kushauri, inaweza hata kufukuza, lakini haiwezi kuishika simu mkono na kuikabidhi kwa jirani.

Na simu hazipendi kuhama. Apple wameandika wazi kanuni ya iPhone: haianzi kutafuta pengine mpaka mawimbi yashuke kupita -70 dBm (dBm ni kipimo cha nguvu ya mawimbi). Ikishaanza kutafuta, haihami mpaka ipate mawimbi bora kuliko iliyo nayo kwa desibeli 8 kama inatumia data, au 12 kama imetulia. Simu za Android kila kampuni ina kanuni yake. Kwa asiyezizoea namba hizi: ni hasi, kwa hiyo -50 ni nguvu nzuri, -70 ni hafifu, na ikifika -80 mazungumzo ya video usiyatarajie.

Ukishaelewa hilo, utaona kwa nini kabla ya kununua chochote lazima upime. Kupima hakuhitaji mashine ya gharama. Chukua simu ya Android, kwa sababu iPhone hairuhusu programu za kawaida kuorodhesha mawimbi yaliyo hewani. Weka programu yoyote ya kupima waifai inayoonyesha dBm na anwani ya kila kifaa kinachorusha. Kisha tembea njia wanayopita watu, si njia unayopenda wewe. Tembea polepole na usimame kila baada ya hatua chache, kwa sababu tangu Android 9 simu huzuia programu isipekue hewa zaidi ya mara nne kwa dakika mbili. Ukikimbia, unasoma namba za pale ulipotoka.

Mimi na Mama tulitembea pamoja, yeye kashika daftari. Mlangoni mwa mapokezi, -48. Ngazi ya tatu, -64. Chini ya mparachichi, -74, na simu bado imeng'ang'ania mapokezi ilhali ruta ya bustani, iliyokuwa hatua chache tu mbele yetu, inasomeka -50. Mama akaziangalia zile namba mbili alizoandika kwa mkono wake, akaniuliza, "Kwa nini isichukue hii nzuri?"

Sababu ya kwanza ilikuwa majina. Ruta zilikuwa na majina matatu, la mapokezi, la vyumbani na la bustani, na kila jina na neno lake la siri. Kwa simu hiyo ni mitandao mitatu tofauti isiyojuana, na simu haihami kimyakimya kwenda mtandao wenye jina jingine. Hungoja wa kwanza ufe kabisa, ndipo itafute mwingine. Jina liwe moja, neno la siri moja, na aina ya ulinzi iwe ile ile kila mahali. Kama moja umeiweka WPA2 na nyingine WPA3 peke yake, umerudi pale pale.

Jina moja linasaidia kwa jambo jingine ambalo wenye kuuza intaneti kwa vocha hawalijui. Tangu Android 10 na iOS 14, simu haitoi tena anwani yake halisi ya kifaa. Inatunga anwani ya bandia kwa kila jina la mtandao. Ukiwa na majina matatu, simu moja inaonekana kama simu tatu. Mgeni aliyeingiza vocha mapokezi anaombwa vocha tena akifika kwenye banda la chakula, na anadhani unamwibia. Mama alikuwa amegombana na wageni kwa jambo hili na hakujua kosa liko wapi.

Sababu ya pili ilikuwa nani anagawa anwani za mtandaoni (IP), tofauti na ile anwani ya kifaa. Ruta ya mapokezi iligawa anwani zinazoanza na 192.168.1, ya bustani ikagawa 192.168.0. Simu ikihama inapewa anwani mpya, na mazungumzo yaliyokuwa yakiendelea kwa anwani ya zamani yanakosa mwenyewe, kama mtu aliyehama mtaa bila kumwambia mjumbe. Mgawaji lazima awe mmoja. Kwenye ruta nyingine zote zima DHCP, yaani huduma ya kugawa anwani, zipe anwani zake zisizogongana na ya kwanza wala zisizo kwenye fungu linalogawiwa, mfano 192.168.1.2 na 192.168.1.3, kisha hamisha waya kutoka kwenye tundu la WAN, la kuingizia intaneti, uuchomeke kwenye tundu la kawaida la LAN, la mtandao wa ndani. Hapo ruta haitakuwa ruta tena, itakuwa akses pointi, AP kama tunavyoita mafundi. Hatua hii haina gharama yoyote, na ndiyo ninayokuta haijafanywa karibu kila ninakoitwa.

Tulifanya hayo mawili, tukatembea tena. Hali ikawa afadhali, ila bado haikuwa nzuri. Chini ya mparachichi simu sasa ilihama, lakini ilichelewa, na sauti ilikwaruza sekunde kadhaa kabla ya kuhama.

Hapa ndipo penye kosa ambalo nami nimelifanya kwa miaka, na wateja walilipa. Fundi aliyetangulia alikuwa amepandisha nguvu ya kila AP hadi mwisho. Inaonekana ni jambo jema: mteja anaona vijiti vyote vimejaa, anaridhika. Lakini simu inayoisikia AP ya mapokezi vizuri bustanini haina sababu ya kuiacha. Tena kusikia ni upande mmoja tu. Simu yenyewe ina antena ndogo na betri ndogo, haiwezi kupaza sauti sawa na AP. Ni kama mtu wa mbali kwenye mkutano wa hadhara: mwenye kipaza sauti unamsikia barabara, ukimjibu kwa mdomo hakusikii. Vijiti vinajaa, picha inaganda.

Basi tulipunguza. Bendi ya masafa ya 2.4 GHz niliishusha kutoka dBm 20 hadi 11, ya 5 GHz nikaiacha juu kidogo kwa kuwa mawimbi yake hupenya ukuta kwa shida zaidi. Chaneli za 2.4 GHz nikazigawa 1, 6 na 11, moja kwa kila jengo, kwa sababu hizo tatu hazipandiani. Lengo ni kwamba mtu akiwa katikati ya majengo mawili azisikie AP zote mbili kwa karibu -67, si moja ikiizidi nyingine. Mama aliniangalia kwa mashaka. "Nakulipa ili unipunguzie?" Nikamwomba atembee mwenyewe huku akiongea kwa video na binti yake aliye Dar es Salaam. Alitoka mapokezi, akashuka ngazi, akapita mparachichi, akafika bandani, akazunguka hadi jengo la vyumba. Binti hakuacha kuongea njia nzima.

Onyo: usipunguze nguvu kama AP zako ziko mbalimbali sana. Utaacha tundu katikati lisilo na chochote. Pima, punguza kidogo, pima tena. Na kama umepima kiangazi, rudia masika. Majani ya migomba yaliyoloa hula mawimbi kuliko makavu, na bustani iliyopimwa Januari si ile utakayoikuta Aprili.

Kuna vipengele vitatu utavikuta kwenye AP nyingi za kisasa: 802.11k, 802.11v na 802.11r. Cha kwanza kinaipa simu orodha ya majirani ili isipoteze muda kutafuta, cha pili kinaishauri ihame, cha tatu kinafupisha ukaguzi wa neno la siri wakati wa kuhama. Viwili vya mwanzo viwashe. Cha tatu kiwashe, kisha jaribu vifaa vyako vyote, hasa printa za zamani, maana baadhi hushindwa kabisa kujiunga kikiwa kimewashwa. Kama kuna kifaa kinachogoma, kitengee jina la mtandao la pembeni lisilo na kipengele hicho.

Vile vifaa vidogo vya kuchomeka ukutani vinavyorudia mawimbi, sivipendekezi. Vingi hupokea na kurusha kwa redio ile ile, kwa hiyo kasi hupungua kama nusu. Vuta waya. Kebo ya mtandao ya Cat6 inafika mita 100 bila shida, na kati ya jengo na jengo ni bora upitishe faiba, waya unaopitisha mwanga badala ya umeme. Huku kwetu mvua ya radi haitanii, na nimeshuhudia swichi ya mtandao, kile kifaa cha kuunganishia waya, ikiungua pande zote mbili za waya wa shaba uliopita juu ya bustani.

Na umeme. Hili lilinichukua muda kulielewa. Umeme ukikatika, AP ya mapokezi ilibaki hai kwa sababu ilikuwa kwenye UPS, betri ya akiba, nyingine zikazima. Simu zote za nyumba zikajikusanya mapokezi. Umeme ukirudi, AP za bustani na vyumba zinawaka, lakini simu zilizopata mahali pa kushika haziondoki, na jioni nzima mtandao unakuwa mzito bila sababu inayoonekana. Dawa ni swichi inayopeleka umeme kwa waya ule ule wa data, PoE. Ambako waya ni wa shaba, swichi moja, UPS moja, AP zote zinabaki hai pamoja au zinazima pamoja; ukipitisha faiba, ambayo haibebi umeme, kila jengo liwe na swichi na UPS yake. Mama aliinunua mwezi uliofuata.

Wiki mbili baadaye nilipita kukagua. Kundi jingine lilikuwa limeshuka mlimani mchana. Mama hakuniuliza kitu, alinielekeza kwa kidevu upande wa bustani. Kijana mmoja alikuwa anatembea kinyumenyume kutoka ngazini, simu kaiinua juu ya kichwa, anamwonyesha mtu wa kwao Kibo. Akapita mparachichi, akaendelea kuongea.