Jibu: Mama wa miaka 70 anaogopa simu janja

Mkuu, umeuliza uanzie wapi kumfundisha mama WhatsApp, maana anaogopa "kuiharibu" simu. Anza na ujumbe wa sauti, kuandika kutakuja baadaye. Bibi yangu alibonyeza alama ya maikrofoni akaachia upesi, ikatoka "Hal..." tupu. Tulicheka wote, mara ya tatu akaweza. Sasa hatulali kwa salamu zake za alfajiri! Akizoea, mwonyeshe kusogeza kidole juu ili irekodi bila kushikilia. Maandishi yakuze kwenye mipangilio. Na usimpokonye simu ukamfanyia wewe, kidole kiwe chake. La PIN ya M-Pesa msisitizie mapema: hata anayejiita huduma kwa wateja, asimtajie.