Glasi za waini: mdomo mwembamba, kitako kipana

SWALI: Hujambo dada wa vyombo? Mie niko Malindi, huku Casuarina, nina nyumba ndogo nyuma napangisha wageni, wengi Waitaliano na watu wa Nairobi wakija Disemba. Mgeni mmoja aliniuliza kwa adabu kama sina glasi nyingine, manake nilimtilia waini kwenye glasi ya maji 🙈. Dukani nimekuta za waini nyekundu, za nyeupe, za mapovu, za kristali bei hata siisemi, na kuna mzee wa Kitaliano anahama anauza seti ya rangi rangi yenye mdomo wa dhahabu, ati ni Murano kabisa. Nichukue zipi?
– Mama Wageni

JIBU: Dadangu, chukua aina moja tu, hizo seti tatu tatu waachie wenye mahoteli. Hii habari ya kila waini na glasi yake aliyeikoleza sana ni Claus Riedel, mtengeneza glasi wa Austria, 1973 akatoa seti ambayo kila waini ina umbo lake, na ni kweli umbo hubadilisha harufu unavyoipata, lakini wanaoonja waini kwa kazi wana glasi yao ya kipimo cha kimataifa cha ISO, ml 215, wanatia ml 50 basi, nyekundu nyeupe zote humo humo. Kama wao yawatosha, sembuse mgeni wako anayekula kamba barazani?

Ya nyumbani tafuta ya ml 400 hivi, tumbo limevimba chini halafu mdomo umerudi ndani kidogo, hapo harufu hukusanyika badala ya kupeperuka. Chupa ni ml 750, ukitia ml 150 wapata glasi tano, na hiyo 150 inaishia pale tumbo lilipo pana, usijaze hadi juu kama chai ya mkahawani. Prosecco, ile waini ya mapovu ya Kitaliano, nayo itaingia humo humo, mapovu yataisha mapema kuliko kwenye ile glasi nyembamba ndefu ila harufu utaisikia zaidi.

Sasa uzuri. Uzuri uko mdomoni, nakwambia. Pitisha kidole taratibu pale juu, za rahisi utahisi kioo kimejikunja kikawa kama uzi mnene umezungushwa, zilizotengenezwa vizuri zimekatwa zikasuguliwa, kidole hakikwami popote. Kisha inyanyue kwenye mwanga utazame mguu kama una ule mstari wa kalibu pande mbili, ukiuona ujue ni ya rahisi. Halafu isimamishe juu ya kaunta uusukume mdomo kidogo kwa kidole, ikiyumba ikatulia haraka nunua, ikiendelea kucheza cheza iache hapo hapo, manake baraza za Malindi wakati wa kusi upepo haubishi hodi. Kitako kikaribie upana wa tumbo na mguu usiwe mrefu sana. Lakini mguu uwepo, hizi za kisasa zisizo na mguu ni imara kweli ila kiganja kinapasha waini, na joto letu hili halitaki msaada. (Na wakisema nyekundu inywewe kwa joto la chumba wanamaanisha vyumba vya kwao, nyuzi 15 hadi 18, sio chumba cha Malindi mwezi wa pili, itie friji nusu saa kwanza.)

Kristali ni tamu machoni na ukiigonga inalia tiing inachelewa kunyamaza. Ya zamani ilitiwa madini ya risasi, asilimia 24 au zaidi, kunywea mezani haina neno kubwa ila usiilazie kinywaji humo usiku kucha. Mpya nyingi hazina risasi, uliza tu kabla hujalipa.

Za yule mzee, mmh. Murano ni kisiwa cha pale Venice, matanuri ya vioo yalihamishiwa huko 1291 mji usije ukaungua, kwa hivo jina lina heshima yake, lakini jina hilo hubandikwa hata kwenye vitu vya kiwandani ambavyo havijawahi kukiona hicho kisiwa. Na hata kama ni zenyewe, glasi ya rangi inaificha rangi ya waini na dhahabu inabanduka ukisugua. Kama bei ni ya kuhama, chukua uzipange kabatini zipendeze. Za wageni ziwe za kioo kitupu kisicho na rangi, na ukitaka sita nunua kumi, duka likiishiwa hutapata zinazofanana.

SWALI: Glasi zangu zimekuwa na ukungu mweupe hata nikiosha na sabuni, nimejaribu steelwool wapi. Nini hii?
– Baba Zawadi, Malindi

JIBU: Kaka weka hiyo steelwool chini! Ni maji yako ya kisima, ardhi yetu ni mawe ya matumbawe, maji yanatoka na chokaa na yakikauka chokaa inabaki juu ya kioo. Loweka kwenye maji vuguvugu yenye siki kama robo saa, kisha suuza, na suuzo la mwisho liwe la maji ya mvua ukiwa nayo. Futa hapo hapo kwa kipande cha leso kuukuu, ukishika tumbo, usishike kitako kwa mkono mmoja na mdomo kwa mwingine ukazungusha, mguu utakatika na kiganja kitapasuka. Siki ikishindwa basi kioo chenyewe kimeshachubuka, hakirudi.

SWALI: Salaam aleikum, mie wa Lamu, kwetu pombe haiingii ila nazipenda glasi za miguu kwa juisi ya ukwaju na maembe siku ya Idi. Yafaa?
– Mwana wa Langoni

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu. Kuna wazee hawapendi umbo lenyewe hata ndani kukiwa na ukwaju, kwa hivo muulize kwanza mkubwa wa nyumba, hilo mie siliingilii. Akiridhia, kwa embe nzito chukua mguu mfupi na mdomo mpana ili mkono uingie wakati wa kuosha, na usitie barafu kwenye glasi iliyotoka sasa hivi kwenye maji moto. Ukiagiza kutoka Mombasa mwambie muuzaji azifunge moja moja kwa magazeti, zisimame wala zisilazwe, manake zitashushwa Mokowe zipande boti halafu punda, na punda hajui kilichomo bokisini.