Medali iache nyumbani, njoo na pumzi

Juzi baada ya isha nilikuwa nimekaa ukutani pale tunapofanyia mazoezi, Jang'ombe, Unguja. Kijana mmoja, fundi wa mikono kwelikweli, katoka ngumi za ridhaa, zile zisizo na malipo, na medali zake mbili, akanijia anacheka. "Kaka, naingia kulipwa. Pambano la kwanza nishashinda, la pili promota kanipa raundi nane."

Moyo ulinipasuka. Maneno hayohayo niliyasema mimi kwa mdomo wangu, na najua yalinifikisha wapi. Huyu ni wa tatu mwaka huu. Basi yakhe, kaeni kitako nikwambieni, maana nyinyi mmekuta mlango uko wazi. Sisi ngumi zilikuwa marufuku hapa tangu enzi za Mzee Karume, mpaka Rais Hussein Mwinyi alipoziruhusu. Ukitaka kupigana unapanda boti unavuka Dar.

1. Medali haikupi hata pointi moja. Ukiingia kulipwa rekodi yako ni sifuri kwa sifuri, sawa na ya mtu aliyeanza mazoezi mwaka jana. Mtazameni Vasyl Lomachenko: dhahabu mbili za Olimpiki, Beijing 2008 na London 2012, mapambano ya ridhaa kashinda 396 kapoteza moja. Akaingia kulipwa 2013. Pambano la pili tu, Machi 2014, akawekewa Orlando Salido, mtu aliyekwisha kupoteza zaidi ya mara kumi, na siku ile hata uzito hakufikisha. Salido akampiga mbavu, akamlalia, akamkumbatia, akamgonga chini ya mkanda, na majaji wawili kati ya watatu wakampa ushindi. Juni mwaka huohuo Lomachenko akachukua mkanda wa dunia wa WBO mbele ya Gary Russell Jr., kwa hivyo dhahabu yake haikuwa bure. Lakini Audley Harrison naye alikuwa na dhahabu, ya uzito wa juu kabisa, Sydney 2000, na mkanda mkubwa wa dunia hakuupata mpaka anatundika glovu. Ridhaa inakupa miguu, macho na mkono wa mbele. Vilivyobaki unavijenga upya, na hivyo ndivyo vinavyoamua kama utafika.

2. Raundi. Hapa nitakaa kidogo.

Ridhaa ni raundi tatu za dakika tatu. Miaka yote mwili wako umefunzwa kwamba dakika tisa zikisha, kazi imekwisha. Mwalimu wangu alilijua hilo. Alinifunza ngumi uani kwake, mlango umefungwa, gunia la mchanga na matambara limening'inia kwenye mwembe. Akanambia: mwanangu, anza na raundi nne, pigana mapambano matano hivyo, ndipo uende sita. Nikaona mzee ananichelewesha. Dar nilipata watu wakanambia bondia wa medali hapigani raundi nne, na maneno yao yalikuwa matamu. Pambano la kwanza nikamaliza mtu raundi ya pili, na ushindi ule ndio ulioniharibu. La pili nikadai raundi nane, nikapewa.

Mwalimu akavuka kwa boti kuja kukaa konani kwangu. Kaja na ndoo yake, pamba, vaselini na sponji. Nikamwambia kona imejaa. Akasema, "Sawa, mwanangu," akaenda kukaa mstari wa tatu, kiti cha plastiki, ndoo kaipakata.

Raundi tatu za mwanzo nilishinda zote. Nilikuwa narukaruka kama nilivyozoea, nagusa natoka, nagusa natoka. Mpinzani wangu alikuwa mtu mzima, ana kitambi, rekodi yake imejaa vipigo, na tangu kengele ya kwanza alikuwa ananipiga mbavuni tu. Mimi ngumi zile sikuzihesabu, macho yangu yalikuwa kwenye pointi. Raundi ya nne mkono wa kushoto ukaanza kushuka wenyewe. Nilikuwa naiona glovu iko kifuani, najua inatakiwa iwe shavuni, na haipandi. Raundi ya tano akanipata kwenye ini. Nikapiga goti. Akili ilikuwa nzima, namsikia refa anahesabu kila namba, lakini miguu si yangu. Nikainuka kwenye nane.

Nilipokaa kwenye kigoda, watu watatu walikuwa wananipigia kelele kwa pamoja, na maji yalikuwa yamekwisha. Nikageuza uso kutazama mstari wa tatu. Mwalimu alikuwa kasimama, ndoo kaishika mikono miwili.

Raundi ya sita refa akasimamisha.

Asubuhi kwenye boti hakunilaumu hata kwa neno moja. Vidole vyangu vilikuwa vimevimba havikunji, basi akamenya chungwa, akawa ananitilia kiganjani pande moja baada ya jingine mpaka likaisha. Bandarini Malindi akanibebea begi. Alifariki kabla ngumi hazijaruhusiwa hapa, na radhi sikuwahi kumwomba.

Sasa, jinsi ya kuzijenga raundi: sparingi, yaani kupigana kwa mazoezi, raundi sita, kila raundi mbili unaletewa mtu mpya ambaye hajachoka. Punguza kurukaruka, kanyaga chini, ngumi itoke kiunoni. Na jifunze kupiga mwili, kwa sababu yeye ataupiga wako.

3. Uzito. Mmezoea kupimwa asubuhi ya pambano, kulipwa mnapimwa siku moja kabla. Msitegemee ule usiku mmoja mkajikausha kilo saba, na urojo uache mpaka pambano lishe.

4. Glovu. Ukiwa uzito wa welta (kama kilo 66) kwenda chini utavaa za aunsi 8, nyepesi kuliko ulizozoea ridhaa, kwa hivyo ngumi uliyokuwa ukiipokea na kuendelea, sasa ijue ina mfupa.

5. Mkataba usiouelewa usiutie saini. Uliza nani analipa hospitali, nani analipa boti, na kama una haki ya kumkataa mpinzani.

6. Ramadhani. Promota atakutaka upigane Mfungo Mosi, sikukuu, watu wana pesa mfukoni. Kweli wanazo. Kama hukufanya mazoezi usiku baada ya tarawehe, mwezi mzima, kataa. Mwenzangu mmoja wa Wete alikubali kwa sababu alikuwa anataka kumnunulia mama yake friji. Friji alilinunua, lakini taya lilivunjika, na wiki sita akala uji tu.

7. Ukipigwa KO, yaani ukaangushwa usiinuke mpaka hesabu ikaisha, hospitali, na sparingi usiiguse mpaka daktari akuruhusu. Mapambano ya ubingwa wa dunia yalikuwa raundi 15. Yakaja kupunguzwa kuwa 12 baada ya Kim Duk-koo wa Korea Kusini kufariki kwa majeraha ya pambano lake na Ray Mancini, Novemba 1982. Pale kwetu kuna vijana wanarudi mazoezini kichwa bado kinawauma, eti wasionekane waoga. Nikimwona mmoja tena, funguo za jimu nachukua mimi.

Wewe wa juzi, najua unasoma. Hujakosa kitu bado, pambano halijatangazwa. Mpigie promota, mwambie raundi nne. Akikataa, mpe namba yangu. Na Jumamosi baada ya isha njoo, nitakuwa na saa na vijana watatu wa kubadilishana. Kocha wako njoo naye. Ndoo ninayo.