Kabla hujanunua RAM fungua kompyuta usome lebo

Nyie mnaoanza ufundi nawapa hii bure maana mimi ilinitia aibu mbele ya mteja. Nilipata RAM (zile kumbukumbu za muda za kompyuta) mbili za DDR4, yaani kizazi cha nne, GB 16 kila moja, bei poa ajabu, nikazipachika kwenye desktopu zikaingia freshi kabisa, klipu zikalia ta ta, nawasha feni zinazunguka ila skrini nyeusi tii. Nikazitoa nikasugua meno (ile mistari ya dhahabu inayoingia slotini) kwa kifutio nikarudisha, wapi. Nusu siku nahangaika najua mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) imekufa, kumbe RAM zenyewe za seva, zile kompyuta za kuhudumia kompyuta nyingine. Sloti inazikubali lakini mazabodi ya kawaida haziiwashi. Na lebo ilikuwa inasema wazi PC4-2400T-R, hiyo R ndo ya seva, ya desktopu inakuwa U. Sikusoma.

Kwa hiyo anza na lebo. PC3 ni DDR3, PC4 ni DDR4, PC5 ni DDR5, na hizi hazichanganyiki, kale kapengo katikati ya meno kila moja kako pake, ukiona inagoma usikandamize utavunja sloti ya watu. Ukikuta PC4-19200 usishtuke, ni ileile 2400, hapo wameandika MB kwa sekunde, yaani 2400 mara 8.

Spidi sasa. Ukichanganya ya 3200 na ya 2400 zote zitakimbia 2400. Na hata ukiweka 3200 tupu zinaweza kukaa 2133 au 2400 mpaka uingie BIOS (mipangilio ya mazabodi kabla Windows haijawaka) uwashe XMP, ile spidi ya juu iliyowekwa na kiwanda (kwenye AMD za DDR5 utaona EXPO), wengi wanaruka hapa halafu wanasema RAM feki. Bora mbili za GB 8 kuliko moja ya 16, zinafanya kazi kwa chaneli mbili, yaani prosesa inazisoma zote mbili kwa pamoja, hasa kama kompyuta haina kadi ya grafiki tofauti utaiona. Zikiwa sloti nne mara nyingi unatumia ya pili na ya nne kuhesabu toka kwenye prosesa, ila kitabu cha mazabodi ndo mwenye neno.

Halafu jamani fungua Task Manager kwanza, RAM imetumika nusu na diski imegonga 100%, hapo unanunua RAM ya nini, weka SSD, ile diski ya kasi isiyozunguka. Na Windows ya biti 32 ya kawaida haivuki GB 4 hata uijaze vipi.

Wa DDR5, ukiwasha mara ya kwanza skrini inaweza kukaa nyeusi dakika kadhaa, inajipima tu, usichomoe umeme ukidhani na wewe umeuziwa ya seva.