Maswali ya Wasomaji: Sarufi ya Kiingereza mtandaoni, uhakiki nini kabla ya kuchapisha?

Barua za mwezi huu nyingi zimetoka kwa walimu wanaoandaa masomo ya sarufi ya Kiingereza kwenye intaneti. Tumechagua tano.

Niliandika kwamba "an" hutumika neno likianza na a, e, i, o au u. Mwanafunzi kanirudia na "a university". Kanuni hiyo ndiyo niliyofundishwa shuleni. Sasa nazitilia shaka zote. Nizihakiki vipi? – Mwalimu wa sekondari, Morogoro

Mwanafunzi wako yuko sahihi, Mwalimu. Kinachoamua ni sauti, si herufi. "University" huanza na sauti ile ile ya "yule", ndiyo maana tunasema "a university", "a European", "a UN office". "One" huanza na sauti ya w, kwa hiyo "a one-way street". H ya "hour" haitamkwi, kwa hiyo "an hour". Vifupisho navyo hufuata jina la herufi: "an SMS", "an MP", hata "an M-Pesa agent", kwa kuwa M tunaitamka "em".

Kanuni uliyofundishwa ilitungwa kwa kutazama mifano inayoiunga mkono tu: apple, egg, orange. Kwa hiyo fanya hivi. Andika kanuni yako kwa sentensi moja. Tafuta mifano kumi: mitano ya kawaida, na mitano uliyoichagua makusudi ili kuivunja. Mmoja ukiivunja, usikimbilie kuandika "isipokuwa". Angalia kwanza kama kanuni yenyewe imeegemea pasipo pake, kama hii ilivyoegemea herufi. Sisi tukifika "isipokuwa" ya tatu, tunafuta na kuandika upya.

Kisha ipime kwenye hazina za matini halisi, yaani mikusanyo ya maandishi na mazungumzo ya kweli inayoweza kutafutwa kwa kompyuta. Ya Uingereza, BNC (British National Corpus), ina maneno kama milioni 100. Ya Marekani, COCA (Corpus of Contemporary American English), ina zaidi ya bilioni moja. Ukijisajili unaweza kutafuta bure kwa kiasi kinachomtosha mwalimu. Tafuta "a university", halafu "an university", ulinganishe. Usitegemee idadi ya matokeo inayotolewa na injini za kawaida za kutafutia: ile ni makadirio tu, tena imechanganya wanaojua na wasiojua.

Mwisho, mpe mtu mwingine asome, na afanye mazoezi yako bila kuonyeshwa majibu. Makosa mengi hukamatwa hapo, kuliko kwenye kusoma maelezo.

Kurasa zetu zinaeleza "has" na "have" kwa kusema ni sawa na -me-. Wanafunzi wanaelewa upesi, lakini wanaandika "He has slept" wakimaanisha mtu yumo usingizini. Tuiondoe? – Msomaji, Mombasa

Iondoeni kama mlivyoiandika, kisha muirudishe na mipaka yake. Hii ndiyo sehemu ambayo ukurasa wa Kiswahili unaweza kumsaidia msomaji kuliko kitabu chochote kilichoandikwa London, maana mwandishi wa kule hajui kwamba kosa hili lipo.

Kiambishi -me- kina kazi mbili. Kwanza, tendo limekwisha na matokeo yake yapo: "amefika", "has arrived". Hapo vinalingana. Pili, mtu au kitu kimeingia katika hali na bado kimo humo. Hapo Kiingereza kinaachana nasi kabisa. "Amelala" ni "he is asleep". "Amesimama" ni "he is standing". "Amevaa kanzu" ni "he is wearing a kanzu". "Nimechoka" ni "I am tired", "basi limejaa" ni "the bus is full", na "nimeelewa", mara nyingi, ni "I understand" tu. Ukiyatafsiri yote kwa "has", unapata sentensi ambazo sarufi yake ni safi ila maana yake si uliyokusudia. "He has slept" inamaanisha ameshapata usingizi wake. Pengine sasa yu macho kabisa.

Mtego wa pili ni wakati uliotajwa. "Amefika jana" husemwa na hakuna anayeshtuka. Kiingereza sanifu hakikubali "has arrived" ikae na "yesterday", "in 2019" wala "two days ago". Lazima "he arrived yesterday".

Tunashauri kila somo linalolinganisha lugha mbili liwe na angalau jozi moja inayolingana na jozi mbili zisizolingana, zikiwa karibu karibu ili jicho lizione pamoja. Fanyeni hivyo hivyo kwa -nge-. Sisi tunaiweka pande zote mbili, "ningekuwa na pesa ningenunua", na mwanafunzi naye anaandika "If I would have money, I would buy it". Inatakiwa "If I had money, I would buy it".

Jambo dogo: sentensi yenye makosa isikae peke yake kwenye mstari. Iwekeeni alama ya X mwanzoni na iliyo sahihi mara tu baada yake. Rangi nyekundu pekee haitoshi; wapo wasioitofautisha na kijani, na wapo wanaochapa kurasa kwa wino mweusi.

Hamjambo wahariri. Zoezi letu linajisahihisha lenyewe, na wanafunzi wanalalamika wamekosa ilhali wamepata. Tumekagua majibu, yako sawa. – Mtengeneza programu, Nairobi

Anzeni na ritifaa, alama ile ya kwenye ng'ombe. Simu nyingi huibadilisha yenyewe ikawa iliyopinda, wakati jibu mlilohifadhi lina iliyonyooka. Kwa kompyuta, don't na don’t ni maneno mawili. Kabla ya kulinganisha, programu igeuze ritifaa zote ziwe za aina moja, iondoe nafasi zilizobaki mwanzoni na mwishoni, na isijali herufi kubwa, isipokuwa somo lenyewe linahusu herufi kubwa. Ikubali pia "do not" palipo na "don't".

Hayo yakiisha, kageukieni maswali yenyewe. Tazameni hili: "She ___ (live) in Tanga for ten years." Mtungaji alitaka "has lived". Lakini "has been living" ni sahihi, na "lived" pia ni sahihi kama alishahama. Mkiongeza "and she is still there", "lived" inaondoka, ila mbili za mwanzo zinabaki, kwa hiyo hifadhini zote mbili. Programu ikikataa jibu ambalo watu wengi wameliandika vile vile, msiwalaumu wao kabla ya kulisoma swali tena.

Tufuate Kiingereza cha Uingereza au cha Marekani? – Dodoma

Cha Uingereza, kwa kuwa ndicho msingi wa shule zetu. Litajeni hilo kwenye ukurasa wa kwanza, na kwenye mazoezi msimkate alama aliyeandika "color". Ila msiandike kwamba "organize" ni ya Kimarekani. Oxford nao huandika -ize. "Analyse" kwa Uingereza hubaki na s, na "advise", "surprise" na "advertise" zina s kote kote.

Palipo na suala la mtindo tu, semeni ni mtindo. Katazo la kumaliza sentensi kwa kihusishi (neno kama "to" au "with") lilipata nguvu kutokana na mshairi John Dryden, aliyemkosoa mwandishi wa tamthilia Ben Jonson mwaka 1672. "Who did you talk to?" si kosa leo, na haikuwa kosa hata wakati ule.

Nimegundua somo nililochapisha miezi kadhaa iliyopita lina kanuni isiyo sahihi. Nirekebishe kimya kimya? – Muscat

Herufi iliyorukwa, rekebisha kimya kimya. Kanuni, hapana: aliyejifunza kwako ameshaibeba, na pengine picha ya ukurasa wako inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Weka juu ya somo tarehe, ulichosema awali, na kilicho sahihi sasa, kwa mistari miwili. Halafu fuatilia kanuni hiyo ilikoenda: mazoezi na majibu yake, faili la PDF la kupakua, sauti uliyorekodi, na masomo mengine yanayoirejea. PDF ndiyo husahaulika zaidi. Ipe jina jipya lenye tarehe, na ile ya zamani iondoe kabisa.