Projekta inafifia, kisha inajizima

SWALI: Shikamoo mhariri. Darasa letu la Gredi ya 6 hapa Shela, Lamu, lina projekta. Kufika saa tano picha imefifia, na baada ya nusu saa mashine hujizima. Je, taa imekwisha?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Taa usiilaumu kwanza. Picha hufifia kwa sababu ya jua la dirishani. Isogeze projekta karibu na ukuta: picha ya upana wa mita 2 ukiipunguza hadi mita 1, mwanga huo huo hukusanyika, nayo hung'aa mara nne. Basi andika herufi kubwa, mistari sita hivi, wa nyuma wasome.

Kujizima ni joto. Mchanga laini na unyevu wa chumvi hugandamana kwenye chujio, feni ikakosa hewa. Chomoa plagi, toa chujio, lipanguse kwa brashi laini kila Ijumaa. Matundu yaachie sentimita 30, na tafadhali msiiweke juu ya leso! Mkimaliza, zimeni kwa kitufe, mngoje feni isimame ndipo mchomoe.

Video ipakueni mapema kwenye flashi. Video ya dakika kumi yatosha. Kisha watoto waandike.